OLFA milimita 45 ya mpini wa kubana: kisu cha gurudumu kwa mkono uliochoka na mkasi

Anayeshona blanketi la viraka hukata zaidi kuliko anavyoshona. Blanketi moja la kitanda linakula mamia ya miraba ya inchi 2½, na kila mraba una pande nne. Kwa mkasi wa fundi wa inchi 10, kidole gumba kinafungua na kufunga chuma kizito muda wote huku kifundo cha mkono kikiwa kimepinda. Ubapa wa chini nao unanyanyua kitambaa, matabaka yanateleza, unalazimika kukata upya. Maumivu ya kwenye kitako cha kidole gumba huanzia hapo.

Kisu cha gurudumu, ambacho wembe wake wa duara unaviringishwa juu ya kitambaa, kinaondoa kazi yote ya kufungua na kufunga. OLFA ya Japani ndiyo iliyotoa cha kwanza mwaka 1979, na toleo ninalolipima hapa ni RTY-2/DX, lenye wembe wa duara wa milimita 45 na mpini uliopinda unaojaa kiganjani. Ukiubana mpini wembe unatoka, ukiuachia unarudi ndani. Kinafaa mkono wa kulia na wa kushoto.

Hapo kwenye kubana ndipo wengi wanapokikosea. Ukikata kwa saa nzima huku vidole vimebana mpini, umehamisha uchovu kutoka kidole gumba kwenda vidole vinne. Kitufe cha kufuli kipo kwa ajili hiyo: kinafunga wembe ukiwa ndani, na pia kinaushikilia ukiwa nje. Ubane mara moja, ufungie nje, kisha ulegeze vidole na kuuongoza mpini kwa kiganja. Lakini wembe uliofungiwa nje haurudi wenyewe. Kila unapokiweka kisu mezani, hata kwa kugeuza kitambaa tu, uurudishe ndani. Wembe huu unakata kidole kama unavyokata pamba.

Jambo la pili ni ukali. Wembe mpya unapita kwenye matabaka manne ya kitenge kwa uzito wa mkono wenyewe, bila kugandamiza. Ukianza kuegemea kwa bega ndipo ukate, wembe umekwisha. Dalili nyingine ni nyuzi zinazobaki bila kukatika kila baada ya umbali uleule: hapo wembe una pengo, na mara nyingi pini iliyosahauliwa kwenye kitambaa ndiyo iliyolitoboa. Kuna tatizo la tatu linalofanana na butu lakini si butu. Skrubu ikikazwa kupita kiasi, wembe hauzunguki, unaburuzwa, na mkono unasukuma badala ya kuviringisha. Legeza kidogo mpaka wembe uzunguke bila kuchezacheza. Vumbi la pamba likijaa nyuma yake linaleta shida hiyohiyo, na kitenge kipya chenye nta na wanga huongeza utando, kwa hiyo kifue kwanza, ukipige pasi. Unapofungua kusafisha, panga vipande mezani kwa mfuatano uliovitoa. Kimoja kikirudi kinyume, wembe utakwama au utayumba.

Kisu peke yake hakitoshi. Lazima uwe na mkeka wa kukatia, ule wa plastiki unaotandikwa chini ya kitambaa, kwa sababu meza ya mbao inaua wembe mara moja. Mkeka wa inchi 18 kwa 24 unatosha kwa kazi nyingi. Usiuache juani au ndani ya gari, na usipige pasi juu yake: ukishajikunja haunyooki tena.

Mkono wa pili, ule unaoshikilia rula, husahaulika kabisa, na wengi wanaolalamika bega linawauma wanaumwa upande huo. Rula ndefu ya inchi 24 inakulazimisha kuegemea mbele na kugandamiza kwa mkono ulionyooka. Dawa ni kukunja. Kitenge cha upana wa takriban inchi 45 ukikikunja mara moja, pindo kwa pindo, mkato unakuwa inchi 22½. Kikunje tena, unakuwa inchi 11 na kidogo, na rula fupi ya inchi 6 kwa 12 inatosha. Viwiko vyote viwili vinabaki karibu na mwili. Yadi moja inatoa vipande 14 vya upana wa inchi 2½, kila kimoja kwa mkato mmoja.

Mikunjo ikikaa upande, kipande ukikifungua kinatokea na vipembe kwenye mikunjo badala ya kunyooka. Sawazisha ukingo upya baada ya kila vipande vinne au vitano. Chini ya rula bandika vidoa vya mpira au vipande vidogo vya msasa laini, ili isiteleze na usihitaji kuigandamiza kwa nguvu. Kidole cha mwisho kiweke nje ya rula, juu ya kitambaa, kama breki.

Meza nayo: ya kulia chakula, yenye sentimita 75 hivi, ni fupi mno kwa kazi ya kusimama. Inyanyue kwa matofali imara hadi karibu sentimita 90, au kiasi cha kiganja chini ya kiwiko chako. Simama ili bega, kiwiko na wembe viwe mstari mmoja, na usukume kuelekea mbele, usivute kamwe kuja kwako.

Kwa pamba na kitenge, matabaka manne hadi sita ndiyo kipimo changu cha milimita 45. Ukishaunganisha tabaka la juu, pamba ya kati na tabaka la chini, na sasa unanyoosha kingo za blanketi zima, wembe huu unahangaika. Hapo ni milimita 60. Mizunguko midogo ya maua na majani inataka milimita 28 au mkasi mdogo. Mpini mnyoofu wa OLFA, wenye kitelezi cha kidole gumba, si mbaya kwa mwenye mkono mzima. Ila kama kifundo kimeshaanza kuuma, toa ziada ya bei uchukue DX, na ununue nyembe za akiba siku hiyohiyo.