Kutoboa tangi la samaki la kioo: ununue konekta ipi, biti ipi, na nini ukiache dukani

Nunua konekta (kile kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu la kioo) kwanza, biti ya kutobolea baadaye. Wengi hufanya kinyume. Mtu anaiona biti ya almasi ya milimita 40 dukani, anaichukua, anatoboa kioo, kisha anaanza kuzunguka mji mzima akitafuta konekta itakayoingia kwenye tundu lile. Tundu la kioo halirekebishiki. Likizidi, raba haina pa kukaa. Likipungua, huwezi kulipanua kwa tupa kama ungefanya kwenye simtanki.

Nawaandikia wenye tangi la lita 150 kwenda juu, wanaotaka maji yashuke yenyewe hadi kwenye sampu, tangi la pili lililo chini ya meza, yachujwe humo, halafu pampu iyarudishe juu. Mpango huu unawafaa sana wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Frontosa, mmoja wao, hufika sentimita 30 na zaidi, anakula vizuri na anachafua maji vizuri. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9, na pH ikiwa juu, amonia huwa sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida. Kichujio kidogo cha kuning'iniza hakiwezi kazi hiyo.

Kuna wanaouliza kwa nini wasinunue kile kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, kinachovuta maji kwa mpira uliopinda, wasitoboe kitu. Jibu langu ni umeme. Kisanduku kile hutegemea mpira wake ubaki umejaa maji. Umeme ukikatika na kurudi, hewa ikiwa imeingia humo, mvuto haurudi. Pampu ya sampu yenyewe itaamka na kuendelea kupandisha maji juu, na yakikosa njia ya kushuka yatamwagika sebuleni. Kwa mji ambao umeme huenda na kurudi usiku watu wamelala, mimi kifaa hicho nakiweka mwisho kabisa. Tundu lililotobolewa halihitaji kuamshwa: maji yakifika usawa wake yanatoka.

Kioo chenyewe kwanza

Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, hakitoboleki. Biti ikigusa tu ngozi yake, kinapasuka chote kuwa vipande vidogo vidogo, na hakuna fundi wala biti ya bei mbaya itakayokizuia. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha.

Matangi mengi ya kwetu hutengenezwa na mafundi vioo kwa kioo cha kawaida, na hicho hutoboka. Muulize aliyelitengeneza kioo alikitoa wapi. Kama ni kipande kilichobaki kwenye mlango wa bafu au mlango wa duka, kuna uwezekano mkubwa ni tempa. Kwa matangi ya kiwandani yaliyoagizwa nje, kioo cha chini ndicho huwa tempa mara nyingi hata kama vya pembeni ni vya kawaida, kwa hiyo usihukumu kioo kimoja kwa kingine.

Kipimo cha nyumbani kipo. Weka skrini ya kompyuta au simu yenye mwanga mweupe upande mmoja wa kioo, simama upande wa pili ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaraidi, kisha geuza kichwa taratibu. Kioo cha tempa huonyesha madoa au mistari ya giza na rangi za upinde wa mvua. Cha kawaida hubadilika giza na mwanga kwa usawa bila michoro. Ukibaki na shaka, usitoboe.

Unene nao una neno. Chini ya milimita 6 mimi sishauri. Na kutoka ukingo wa kioo hadi ukingo wa tundu acha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe: tundu la milimita 45, acha milimita 45 za kioo kizima pande zote. Kati ya tundu na tundu, vivyo hivyo.

Kama tangi bado halijaungwa, yote haya yana njia fupi kuliko zote. Mpelekee fundi vioo konekta zako, apime, atoboe kioo kikiwa kimelala mezani, ndipo aunge kwa silikoni. Kioo kilicholala ni rahisi kukitoboa, na kikipasuka umepoteza kipande kimoja tu. Hiyo kwangu ndiyo nafasi ya kwanza, kabla ya biti yoyote nitakayoitaja.

Konekta: hapa ndipo pesa iende

Biti hufanya kazi dakika kumi. Konekta na raba yake itakaa na maji mchana na usiku kwa miaka. Bado nawaona watu wakihangaikia biti ya gharama, kisha konekta wanachukua ya bei ya chini kuliko zote dukani. Tafadhali geuza mambo hayo.

Ninayoiweka juu ni konekta ya plastiki, PVC au ABS, yenye kola pana na raba bapa iliyo nene. Kola ni ile sehemu inayolala juu ya kioo. Ikiwa pana, inafunika hata vile vijimeguko vidogo ambavyo biti huacha ukingoni mwa tundu. Ibonyeze raba kwa kidole: iwe laini na irudi ilivyokuwa. Raba ngumu iliyokaa juani dirishani mwa duka miaka miwili, irudishe.

Inayofuata ni konekta ya kawaida ya simtanki, ambayo utaipata karibu kila duka la vifaa vya maji. Nyingi ni nzuri, ila kola yake huwa nyembamba na raba ndogo, kwa hiyo tundu lazima litoke safi. Baadhi zina raba ya duara kama pete badala ya bapa, na hizo kwenye kioo sizipendi, zinabana sehemu ndogo mno.

Chini yao naweka zile za plastiki ya PPR zenye nyuzi za kufungia (kama za skrubu) za shaba ndani. Za shaba tupu ziache kabisa kama utafuga konokono au kamba, au kama tangi ni la maji chumvi. Kopa, yaani shaba nyekundu, inayotoka kwenye shaba hiyo huwaua viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu hupotea. Inchi 1 inayotajwa dukani ni jina la bomba, si ukubwa wa tundu. Nyuzi za kawaida za inchi 1 tunazotumia zina kipenyo cha nje cha milimita 33.2, na konekta iliyo na nyuzi hizo tu itapita kwenye tundu la milimita 35. Za robo tatu ni milimita 26.4. Za inchi moja na nusu ni 47.8. Lakini konekta zilizotengenezwa maalumu kwa matangi ya samaki, hasa za mtindo wa Marekani, zina kiwiliwili kinene zaidi: ya inchi 1 huhitaji tundu la milimita 44 au 45. Tofauti ya 35 na 45 kwa kitu chenye jina lilelile! Ndiyo maana nasema chukua kalipa, pima nyuzi za konekta uliyoishika mkononi, ongeza milimita 1 au 2, na hiyo ndiyo biti utakayonunua.

Kwa ukubwa wa kutolea maji, inchi 1 inatosha matangi mengi ya nyumbani. Ikitumika kama mfereji wenye hewa ndani, hesabu kama lita 2,000 kwa saa. Ukitaka zaidi ya hapo panda hadi inchi moja na nusu. Robo tatu usitumie kutolea, jani moja la mmea au konokono mmoja anaiziba.

Biti za almasi, kwa mpangilio wangu

Biti tunayoitafuta ni ya mduara, yenye tundu katikati na isiyo na ncha ya kuongoza. Haikati kwa meno, inasaga kwa chembe za almasi.

Kwa mtu wa tangi moja au mawili, ya kwanza ni ile iliyopakwa almasi kwenye mdomo wake tu. Ni nyembamba, ni ya bei ndogo kuliko zote, na mara nyingi huuzwa kwa seti. Tabaka lake la almasi ni moja. Likiisha, biti imeisha. Lakini kwa matundu mawili au matatu kwenye kioo cha milimita 8 au 10 inatosha kabisa, ukiipa maji ya kutosha. Chagua yenye chembe ndogo zilizopangana sawasawa, pitisha kidole usikie kama kuna upara mahali. Seti usinunue ila kama kipimo chako kimo ndani yake. Biti moja ya kipimo sahihi inashinda kumi zisizokuhusu.

Ile ambayo almasi zake zimechanganywa ndani ya chuma cha mdomo wote hukata kioo safi na hudumu muda mrefu, kwa sababu chuma kikisagika almasi mpya zinajitokeza. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Ni ya fundi vioo anayetoboa kila wiki, au ya kundi la wafugaji waliochanga wanunue kwa pamoja. Kwa mmoja wetu peke yake siioni sababu.

Zile zenye chembe kubwa, zilizotengenezwa kwa vigae vya porseleni na kutumika bila maji, zimejaa madukani siku hizi. Zinatoboa kioo, ndiyo, lakini zinamegua ukingo. Nyingi zina nyuzi za M14 za kufungwa kwenye grainda, na grainda huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hapana. Kioo kitaungua na kupasuka.

Biti ya mkuki yenye ncha ya kabaidi ni ya matundu madogo ya skrubu. Msumeno wa mduara wa mbao au chuma hauna kazi hapa, na biti ya ukuta ndiyo kabisa.

Drili

Drili ya betri, gia namba 1. Kwanza kwa usalama: utamwaga maji juu ya mikono yako muda wote wa kazi, na sitaki ndugu yangu yeyote afanye hivyo akiwa ameshika waya wa umeme wa nyumbani. Pili kwa kasi: biti ya milimita 35 hadi 45 inataka mizunguko kama 300 hadi 600 kwa dakika, na gia ya chini ya drili nyingi za betri iko papo hapo. Kitufe cha kugonga nyundo kizimwe. Kama huna drili hiyo, azima. Usinunue drili kwa ajili ya tundu moja.

Ongeza vitu vidogo: kipande cha mbao chenye tundu la ukubwa wa biti, kibanwe juu ya kioo kiiongoze isiteleze mwanzoni, udongo wa kufinyanga wa kujengea kibwawa cha maji kuzunguka tundu, utepe mpana wa kubandika upande wa pili ili kipande kisidondoke ghafla, na miwani ya kazi. Uzito wa drili yenyewe unatosha, usiisukume. Kioo cha milimita 10 kinaweza kuchukua dakika tano hadi kumi, na milimita ya mwisho ndiyo ya kupunguza mkono zaidi, maana hapo ndipo vipande hubanduka. Ile tope nyeupe ifute ikiwa mbichi. Vumbi la kioo likikauka na kupeperuka, mapafu hayalipendi.

Matundu mangapi, na bomba la kurudisha

Nunua konekta mbili za kutolea, si moja. Bomba kuu liwe na valvu, ulipunguze hadi lijae maji bila hewa, ndipo linyamaze. La pili liwe refu zaidi kwenda juu, bila valvu, likisubiri siku la kwanza litakapoziba. Wafugaji wa nje huuita mpangilio huu Herbie. Valvu iwe ya plastiki. Geti valvu ikipatikana ni bora kwa kurekebisha kidogo kidogo, isipopatikana boli valvu ya PVC iliyo ngumu kidogo kugeuka itafaa.

Bomba la kurudisha mimi silitobolei kioo. Lipitishe juu ya ukingo, na mdomo wake uwe chini ya uso wa maji kwa sentimita mbili tatu tu. Umeme ukikatika, maji yatarudi nyuma kwa bomba hilo mpaka mdomo upate hewa. Kwenye tangi la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita 3 zinazoshuka ni lita 16 zinazokwenda kwenye sampu, kwa hiyo sampu iwe na nafasi hiyo wazi. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, kipande cha uchafu kidogo tu huizuia isifunge.

Ukifunga konekta, raba inakaa upande wa kola, ndani ya maji, na nati nje. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Silikoni haihitajiki kama raba ni nzuri. Jaza maji, zungushia karatasi kavu ya choo chini ya kila nati, uiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa kavu, washa pampu, subiri maji yatulie, kisha izime kwenye soketi na utazame sampu inafika wapi. Hapo chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika, na kila utakapoongeza maji huku pampu imezimwa, usiivuke.