Seti ya sola ya wati 100 kwenye banda la uani: uzoefu wangu

Seti yenyewe ni ile inayouzwa kama "kamili": paneli ya wati 100, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia kuchajiwa kwa betri) ya aina ya PWM, ya ampea 10, betri ya risasi ya 12V 50Ah (ampea-saa) na inveta ya wati 300, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Kwa taa na simu, nyota nne. Kwa banda la ufundi hapa Dar es Salaam, mbili.

Anza na matumizi, si paneli. Taa tatu za LED za 12V, wati 5 kila moja, kwa saa 5: 75Wh (wati-saa). Simu mbili, 50Wh pamoja na upotevu. Redio ya wati 8 kwa saa 6: 48Wh. Jumla 173Wh. Betri ya drili ya 18V 4Ah ikichajiwa kupitia inveta inakula kama 100Wh, tumefika 273. Paneli, wakati wa masika, ihesabie saa 4 za jua kali na asilimia 70 ya kilichoandikwa mgongoni: 280Wh. Inatosha kwa tabu.

Kilichovuruga hesabu ni inveta. Nimeipima ikiwa imewashwa bila mzigo: ampea 0.6. Zidisha kwa 12V na saa 24, unapata 173Wh, sawasawa na taa, simu na redio vyote. Kitaa cha kijani tu hicho! Kwa hiyo taa, redio na chaja ya simu ya 12V zichukue umeme kwenye kontrola, na inveta izimwe betri ya drili ikishajaa. Inveta yenyewe isipite kwenye kontrola: ikifanya kazi kwa wati 300 inavuta zaidi ya ampea 25. Ifunge kwenye betri kwa waya mfupi wa milimita 10 za mraba, fyuzi ya ampea 40 ikae jirani na nguzo ya chanya.

Betri ya 50Ah ni 600Wh, lakini tumia nusu. Kontrola ilikuja ikikata umeme kwenye 10.7V, wakati betri imeshakamuliwa. Nimeipandisha hadi 11.8V. Wengi hukimbilia betri ya 100Ah. Bila kuongeza paneli haijai vizuri, na sahani zake zinafanya salfeti, ukoko unaopunguza uwezo wa betri. Paneli ya pili kwanza, pamoja na kontrola ya ampea 20, maana mbili sambamba zinapita ampea 10.

Paneli sina neno nayo. Saa sita mchana, mita ikiwa kwenye ampea za DC, ilitoa 5.6 kwa shoti, yaani nyaya zake mbili zimeunganishwa kupitia mita tu. Ile ya sentimita 60 kwa 40 iliyobandikwa "100W" iache dukani. Eneo hilo halifikishi hata wati 60. Ielekeze kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi, mbali na kivuli cha mnazi.

Unapofunga, betri iingie kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli itangulie.