Daftari la kituo au benchi la dirisha la dawa?

Ukitaka kujua matabibu wa kituo cha afya nchini Uganda wanaandikaje dawa, unaweza kufungua daftari la wagonjwa wa nje au kuketi karibu na dirisha la dawa. Vipimo ni vile vile vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 1993: wastani wa dawa kwa mgonjwa, asilimia ya waliopewa antibiotiki au sindano, dawa zilizoandikwa kwa jina lake halisi badala ya la kibiashara.

Daftari ni rahisi. Mwongozo ule unapendekeza angalau wagonjwa 600 kwa utafiti mmoja, mathalani 30 katika kila kituo kati ya vituo 20, na unaweza kuwachagua kutoka mwaka mzima, masika na kiangazi. Tena tabibu hawezi kubadilisha alichokwisha kuandika. Ila mara nyingi safu ya dawa imeandikwa nusu.

Benchi linachosha, na tabibu akijua anatazamwa hujirekebisha. Hata hivyo, mimi nalipenda zaidi. Nilimwona mama akitoka na daftari lake la shule, ndimo alimoandikiwa dawa, na kibahasha kilichoandikwa “1x3”, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nikamuuliza, “Mama, mtoto utampaje?” Akajibu, “Vidonge vitatu, asubuhi.” Daftari la kituo lingemhesabu kuwa amehudumiwa vizuri.

Kwa kufuatilia mwenendo wa wilaya, tumia daftari. Kwa kurekebisha kituo kimoja, keti benchini, kisha wape matabibu majibu siku hiyo hiyo.