Nairobi ya masika na watoto: uzoefu wangu wa Makumbusho ya Taifa na Makumbusho ya Reli

Likizo ya Aprili huku Kenya huangukia katikati ya masika, na Aprili ndio mwezi ambao Nairobi hunyeshewa zaidi. Anayetoka Mombasa na familia kwenda kutembea jijini wakati huo ajue mapema kwamba karibu kila mahali atakapotajiwa ni pa kuwa nje: Mbuga ya Taifa ya Nairobi, twiga wa Lang'ata, ndovu mayatima wa kituo cha Sheldrick. Mbuga ile ina udongo mweusi unaonata. Ukilowa, gari dogo la kawaida halifiki mbali. Na mtoto aliyezoea joto la pwani akirowa kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku hamlali kwa kikohozi chake.

Sisi tulikwenda na mama mkwe wangu, ambaye hutembea kwa mkongojo, na watoto wa rika tofauti: kifungua mimba yuko sekondari, wa kati ndio kwanza anabadilisha meno, na kitinda mimba bado hajui kusoma. Kwa hiyo nilichohitaji ni mahali penye paa, ambapo bibi atapata pa kukaa na kila mtoto atapata la kwake. Ndivyo nilivyopima kila mahali tulipoingia.

Ukiwauliza wenyeji mahali penye paa, wengi watakuelekeza kwenye maduka makubwa yenye sehemu za watoto kuruka na kuteleza. Tulijaribu mahali pamoja. Watoto walifurahi, siwezi kusema vingine, lakini unalipa kwa saa, soksi za kuingilia lazima ununue za kwao hata kama umebeba zako, na muziki ni wa kuziba masikio. Mimi na bibi tulikaa kando tukilinda viatu. Tulipotoka hakuna aliyekuwa na la kusimulia, na pesa iliyotutoka ingetutosha kwa siku nzima ya makumbusho na chakula juu yake.

Basi nieleze Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, maana ndipo ninapopasifu kwa moyo mmoja. Yako Museum Hill, karibu na pale ambapo Uhuru Highway inakutana na Waiyaki Way, na ukimwambia makanga wa matatu za Westlands atakushusha jirani. Jengo la kwanza lilifunguliwa pale mwaka 1930 likiitwa Coryndon, kwa jina la gavana wa kikoloni. Baada ya uhuru likabadilishwa jina, na mwaka 2008 likafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Hufunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, na uwe na pesa kwenye simu kwa sababu malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen.

Uani yuko Ahmed. Ni sanamu ya ndovu kwa ukubwa wake halisi, na hata kama mvua inanyesha, simama chini ya ukingo wa paa uwaonyeshe watoto pembe zile. Ahmed aliishi Marsabit. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa askari wenye bunduki wa kumfuata usiku na mchana ili majangili wasimguse, na mwaka 1974 akafa kwa uzee wake. Mifupa yake imehifadhiwa na makumbusho hayo hayo. Kitinda mimba wangu hakujali pembe wala miaka. Lililomwingia ni kwamba ndovu alikuwa na askari wake. Tangu hapo kila mnyama tuliyemkuta ndani aliulizwa kama naye alikuwa na askari.

Ukumbi wa ndege unawafaa wadogo kupita yote. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na pale wamekaushwa na kupangwa ndani ya vioo, kuanzia mbuni hadi vile vidogo vya kukaa kiganjani. Usiwapitishe watoto mbio mbio. Mimi niliwapa kazi: kila mmoja atafute ndege anayemfahamu kutoka nyumbani. Wakaanza na kunguru na korongo, wakaenda kwa mdiria, halafu bibi akawashinda wote kwa kuwataja wale wa shambani ambao wao hawajawahi kuwaona. Pale ndipo nilipojua tumefika mahali petu, maana bibi aliacha kuwa mzigo wa kutafutiwa kiti akawa mwalimu.

Lakini sababu yangu hasa ya kupasifu ni yule mvulana wa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutambua mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye changarawe pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wakachimba, wakachekecha udongo, wakaendelea kupata mfupa baada ya mfupa, hadi ukajitokeza mwili karibu mzima wa mtoto aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Kokote duniani ni nadra kupata mifupa ya binadamu wa kale kiasi hicho iliyokamilika namna ile, na makao yake ni Nairobi, si Ulaya.

Hapa mchukueni mwongozaji. Sisi tulipata kijana mpole, mwenye subira na watoto, naye hakuanza na mamilioni ya miaka. Alimwangalia wa kati wangu, akamwambia, "Mwanangu, fungua mdomo nione." Lilikuwepo jino linalolegea. Akamwonyesha taya ndani ya kioo. "Huyu naye alikuwa anabadilisha meno kama wewe. Hapa palitoka jino la utoto, halafu taya ikapata uchafu. Wapo wataalamu wanaodhani ndicho kilichomuua."

Mtoto akanyamaza kidogo, akauliza, "Mjomba, hakukuwa na daktari?"

"Hakukuwa na daktari, wala chumvi ya kusukutua."

Mwanangu alibaki pale kwenye kioo akijishika shavu, akahesabu mbavu, akalinganisha urefu wa paja la yule mvulana na la kwake. Kaka yake, ambaye safari nzima macho yalikuwa kwenye simu, alikuja akauliza wanajuaje umri wake, na mwongozaji akamweleza jinsi meno na ncha za mifupa zinavyosomwa. Wataalamu wenyewe hawakubaliani, wengine husema alikuwa na miaka minane au tisa, wengine humwongezea. Kijana wangu akafurahi kusikia kwamba wakubwa nao bado wanabishana.

Ghorofani kuna michoro ya Joy Adamson. Kabla ya kujulikana kwa vitabu vyake juu ya simba, alipewa kazi na serikali ya kikoloni ya kuchora watu wa makabila ya Kenya, wazee kwa vijana, na nguo na mapambo yao. Watoto wadogo hawakai hapo muda mrefu, lakini kwa bibi ilikuwa karamu. Alisogeza miwani, akawa anaeleza shanga hizi huvaliwa lini, masikio yale hutobolewaje, na nani anaruhusiwa kuvaa ngozi ile. Sehemu ya historia ya ukoloni na Mau Mau ni nzuri kwa wa sekondari. Wadogo nilipita nao haraka, picha nyingine ni nzito.

Ua wa nyoka, uliofunguliwa mwaka 1961, uko papo hapo. Nyoka wenyewe wako nyuma ya vioo lakini mamba na kasa wako wazi, kwa hiyo subiri mvua ipungue. Sisi tulipata upenyo baada ya chakula, na ulitutosha.

Siku nyingine ya mvua tulikwenda Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani katikati ya jiji. Yalifunguliwa mwaka 1971, na ni madogo kuliko yale ya Museum Hill. Ndani ya jengo kuna picha, taa, simu za zamani na vyombo vya mezani vya enzi za treni na meli za ziwani. Injini kubwa za mvuke ziko nje, na kweli mvua ikikaza utazitazama kwa mbali tu. Hata hivyo mtoto wa Mombasa aende, kwa sababu hii ni hadithi iliyoanzia kwao: reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Watoto wangu walikuwa wamekuja kwa treni ya Madaraka Express, wakaona jangwa la Taru na Tsavo dirishani. Walipoiona ramani ya zamani ukutani, walianza kutafuta stesheni walizopita.

Kinachowaita watoto pale ni behewa nambari 12. Juni 1900 afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani yake pale Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamburuta hadi nje kupitia dirishani. Kifungua mimba akataka kujua kama huyo ni mmoja wa wale simba wawili wa Tsavo waliokula watu, wanaotajwa shuleni. Sio. Wale wawili waliuawa Desemba 1898, na miili yao iko kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Ukiwa na mtoto mwoga, hadithi hii msimulie mchana na uifupishe. Wangu waliitaka irudiwe wakati wa kulala.

Kama watoto wako ni wakubwa na wanapenda sanaa, Nairobi Gallery, kwenye jengo la mwaka 1913 pale Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, vitambaa, vito. Wadogo watachoka mapema.

Sasa mambo ya njiani. Mvua ikinyesha Nairobi, barabara hujaa maji na magari husimama, kwa hiyo ondokeni asubuhi kabla mawingu hayajafunguka, na jioni msikimbilie kutoka saa kumi na moja pamoja na wafanyakazi wote wa jiji. Tulichukua teksi ya simu kwa ajili ya bibi, na bei hupanda mara mbili pale matone ya kwanza yanapodondoka. Itisheni mapema au msubiri ndani. Sweta, soksi za akiba na mfuko usiopitisha maji wa nguo zilizorowa ni lazima, mwavuli peke yake hautoshi.

Kwa familia yenye siku moja tu ya mvua, nendeni Museum Hill, ingieni mlango unapofunguliwa, chagueni kumbi tatu: ndege, wanyama na chimbuko la binadamu, na mengine yaacheni. Mwongozaji mpatane naye muda kabla ya kuanza, na mwambieni umri wa watoto. Zikiwa ni siku mbili, ya pili iwe ya reli, halafu treni ya kurudi Mombasa watoto wakae upande wa dirisha.