Git na mwisho wa mstari: nyota nne, ila weka .gitattributes siku ya kwanza

Natumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, kila siku kazini na naipenda kweli, ila hii ishu ya mwisho wa mstari ilinikesha hadi saa saba usiku. Mwenzetu mmoja yuko Windows, sisi wengine Linux, akarekebisha neno moja tu kwenye skripti ya seva akakomiti (yaani akahifadhi badiliko kwenye Git), kucheki diff, ile orodha ya kilichobadilika, naona faili zima jekundu na kijani, mistari yote eti imebadilika, na seva nayo imegoma, badala ya bash, programu inayoendesha skripti, inatafuta inayoitwa bash^M ambayo haipo popote.

Hiyo ^M, yaani baiti ya 13 inavyoonekana, ndo mchawi mwenyewe. Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10, yaani CRLF, Linux na Mac wanaweka 10 peke yake, LF, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Dawa ziko mbili. Kuna core.autocrlf, mpangilio wa Git, ukiweka true inakutolea mafaili yakiwa na CRLF na ukikomiti inarudisha LF, ukiweka input inasafisha wakati wa kukomiti tu. Inafanya kazi lakini inakaa kwenye mashine ya kila mtu, mmoja akiinstoli akachagua tofauti mnaumia wote. Hiyo nyota mbili, siongezi.

Sasa .gitattributes, hapa ndo penyewe! Faili la mipangilio linakaa ndani ya repo, yaani hifadhi ya mradi, kila anayekloni (anayejinakilia repo) analo, na eol uliyoandika humo inashinda autocrlf ya mtu. Sisi tumeweka * text=auto (Git itambue yenyewe faili lipi ni maandishi), alafu *.sh text eol=lf, *.bat text eol=crlf, na *.png binary ili picha zisiguswe kabisa, tukapiga git add --renormalize . (inasafisha upya mafaili yaliyokwisha kuingia) tukakomiti, kimya mpaka leo. Kama hujui repo yako ina hali gani piga git ls-files --eol, ukiona i/crlf au i/mixed (mchanganyiko wa CRLF na LF) ujue kuna uchafu umeshaingia ndani.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ukifanya git init haikuwekei hilo faili wala haikukumbushi, unakuja kulijua ukiwa umeshaungua. Na baada ya kusafisha, git blame, amri ya kuonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho, ikaanza kuonyesha jina langu kwenye kila mstari wa zile skripti za zamani, watu wananiuliza kodi ambayo sikuandika mimi, mpaka nikawaambia waongeze -w (ipuuze tofauti za nafasi na mwisho wa mstari) ndo majina ya wenyewe yakarudi.