Programu ya kubadilisha faili za sauti: ipi uipakue, ipi uilipie

Niliwahi kununua flashi iliyojaa taarabu ya zamani. Muuzaji aliapa kwamba kila wimbo ni FLAC, sauti ya studio kabisa. Faili zilikuwa nzito kweli. Nilipozifungua kwa Spek, programu ya bure inayochora sauti kama picha, kila wimbo ulikuwa umekatwa karibu na kilohezi 16, juu ya hapo giza tupu. Kwa kawaida hiyo ni alama ya MP3 ya kilobiti 128. Mtu alichukua MP3, akaivisha kanzu ya FLAC, akapandisha bei.

Kwa hiyo kabla hujauliza programu ipi, tazama kwanza faili uliyonayo. MP3, AAC na Opus hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na kilichotupwa hakirudi. FLAC na ALAC hukunja bila kutupa, ukikunjua unapata kila kitu kama kilivyokuwa. WAV kwa kawaida haikunji chochote. Kuigeuza MP3 iwe FLAC ni kuhamishia tui jepesi kwenye sufuria kubwa: haliwi zito. Kuigeuza MP3 iwe AAC ni kuliongeza maji tena. Lakini WAV kwenda FLAC, FLAC kwenda ALAC, zungusha utakavyo, mradi usiguse kipimo cha sampuli (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde) wala idadi ya biti (kila kipimo kinaandikwa kwa usahihi gani). Hakuna programu ghali inayobadilisha kanuni hii, ndiyo maana namba moja yangu haiuzwi.

Ya kwanza: fre:ac. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unaburuta folda nzima, unachagua fomati, unabofya, unakwenda kunywa chai. Majina ya wimbo na msanii yanahamia kwenye faili mpya, jambo utakalolithamini ukiwa na nyimbo mia tano. Kwa MP3 inatumia LAME, kisimbaji, yaani programu ndogo inayotengeneza MP3 yenyewe, na humo chagua V0, ngazi yake ya juu ya ubora unaopanda na kushuka kufuata wimbo, ambayo wastani wake ni kama kilobiti 245 kwa sekunde, au 320 kamili kama moyo hautulii. Ukitengeneza FLAC utakutana na ngazi 0 hadi 8. Watu hubishana sana juu ya hizo ngazi bure tu: sauti ni ile ile katika zote, kinachotofautiana ni ukubwa wa faili na muda wa kusubiri.

Ya pili: dBpoweramp. Hii inalipiwa, na ndiyo pekee hapa ninayoweza kumshauri mtu aitolee pesa, tena awe na sababu. Sababu yenyewe ni CD. Ina AccurateRip, inayolinganisha wimbo uliounyonya kutoka kwenye CD yako na matokeo ya watu wengine wenye CD hiyo hiyo; yakilingana, unajua mikwaruzo haikukuibia kitu. Mwenye makabati ya CD za dukani, za jazi au za rumba ya Kongo, pesa yake haitapotea. Mwenye CD zilizochomwa mtaani asitarajie mengi, kwa kuwa nakala za namna hiyo huenda zisiwe na cha kulinganishwa nacho. Ijaribu kwanza bure, halafu uamue. Kama uko Windows na una subira ya kupambana na mipangilio, Exact Audio Copy nayo hutumia AccurateRip bila malipo.

Ya tatu: foobar2000. Kwa mwenye Windows anayetaka kusikiliza na kubadilisha mahali pamoja. Kumbuka kupakua pia kifurushi chake cha visimbaji, la sivyo itakuuliza LAME iko wapi na wewe hujui.

Ya nne: FFmpeg. Haina vitufe, unaandika amri:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 0 wimbo.mp3

Hiyo sifuri ndiyo V0. Ukishaizoea hutaki kingine, ila simpi mjomba wangu.

Audacity sijaipanga. Ni ya kuhariri, na ukiitumia kama kibadilishaji, kwa mipangilio yake ya kawaida huongeza chembe za kelele inaposhusha biti. Hazisikiki, lakini faili si ile tena.

Ya mwisho kabisa: tovuti za kubadilishia. Piga hesabu. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, takriban megabaiti 10.6 kwa dakika. Taarabu ya dakika 15 katika WAV inakaribia megabaiti 160, nawe utaipandisha kwa bando lako, kisha ushushe matokeo. Aghalabu hujui imetumia kisimbaji gani. Na rekodi ya harusi ya dada yako sasa iko kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Unabadilisha kwa ajili ya kifaa gani? Redio nyingi za magari yaliyotumika husoma MP3 na kugoma kwa FLAC, hivyo V0 inatosha, kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa faili unaouchagua unapofomati flashi. Simu za Android husoma FLAC bila shida. Ukisikilizia spika ya Bluetooth, sauti inakandamizwa tena njiani, usijisumbue kutafuta tofauti. Ukimtumia mtu wimbo kwa WhatsApp, utume kama dokumenti.

Pesa uliyookoa kwa kuchukua fre:ac, nunua diski ya pili ya nje. FLAC zikae kwenye zote mbili, na diski moja ilale nyumba nyingine. MP3 ikipotea, unatengeneza nyingine jioni hiyo hiyo.