Uzoefu wangu na mafunzo ya serikali ya kuchukua damu: ada ni bure, ulizia nauli

Nimefanya usafi wa majengo miaka 7, mkataba wa siku kwa siku, ndipo nikaomba nafasi kwenye mafunzo ya kuchukua damu na kupokea sampuli za maabara. Serikali ndiyo inayolipa ada, na wanaopewa kipaumbele ni watu wa kipato cha chini waliokosa kazi ya kudumu. Nimemaliza, nimeajiriwa, na nayapendekeza kwa moyo wote. Ila kuna jambo linaniuma, nitalisema.

Mafunzo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni tulichoma sindano mkono wa bandia tu, na siku nzima ikaishia kwenye mpangilio wa kujaza chupa za damu: za kuotesha vijidudu kwanza, halafu kifuniko cha bluu, chekundu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Nilidhani ni kukariri, hadi mkufunzi alipotupa sababu. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya zambarau ina potasiamu, tena inanasa kalsiamu. Ikigusa kidogo tu chupa inayofuata, majibu yatatoka potasiamu iko juu na kalsiamu imeshuka, na mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Sikuhitaji kukariri tena.

Mtu wa kwanza kumchoma alikuwa mzee ambaye mishipa yake haionekani. Nikafunga mpira mkononi, nikapapasa, nikapapasa, nikasahau muda. Mkufunzi akaniambia taratibu, "Dada, fungua kwanza, dakika 1 imeshapita." Nikafungua, nikahamia mkono wa pili. Safari hii niliupata kwa kidole, si kwa macho: kitu laini kinachobonyea na kurudi. Nikapaka spiriti, nikaiacha ikauke, nikaingiza sindano. Damu ikaja. "Hata sijasikia, mwanangu," akasema mzee. Nikaigeuza chupa polepole bila kuitikisa, nikamwomba ataje tena jina lake na tarehe ya kuzaliwa, nikabandika lebo palepale mbele yake. Mikono ilianza kutetemeka nilipofika nje.

Sasa linaloniuma. Ada hatukulipa, lakini darasa la asubuhi hadi jioni linakula kibarua chako chote, na posho ya nauli tuliyoahidiwa ilichelewa karibu miezi miwili. Kila tukiuliza, hela haijaingia. Wenzetu watatu waliacha. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote, mama wa mtoto mchanga asiye na wa kumwachia. Mimi nilivuka kwa sababu dada yangu alichukua wanangu. Mafunzo yaliyowekwa kwa ajili ya watu wasio na kitu hayawezi kudai waje na akiba ya miezi miwili, na hili nililiandika kwenye fomu ya maoni kwa jina langu.

Kwa hiyo kabla hujasaini, ulizia posho inatoka lini, na wakuandikie. Ulizia nani analipia sare na mtihani wa cheti. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B: kwa kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6, na hospitali tuliyopelekwa haikumpokea mwanafunzi ambaye hajaianza. Muhimu zaidi, ulizia kama nafasi ya mafunzo kwa vitendo imeshapatikana, maana cheti cha mtu aliyechoma plastiki tu hakimpi mwajiri imani.

Darasa la jioni limefunguliwa baada ya malalamiko yetu. Yule mama ameshajaza fomu, na daftari langu la rangi za chupa liko kwake.